Reale ya bei ya kutupa: ipime kwa maji kabla hujatoa hela

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwaambie wasomaji wa Mtwara na Lindi jambo kuhusu sarafu za fedha zinazotembezwa mkononi, hasa msimu wa korosho malipo ya mnada yanapoingia na kila mtu anajulikana kuwa na chochote mfukoni. Muuzaji anafungua fundo la kitambaa, ndani mna reale tano sita, zile sarafu kubwa za kale za Austria zenye kichwa cha mwanamke, na rupia kadhaa zenye kichwa cha Kaisari wa Ujerumani. Bei anayotaja ni ya kutupa. Bei hiyo hiyo ndiyo ushahidi wa kwanza kwamba alichoshika si fedha.

Nikisema fedha humu nina maana ya madini, silva. Wazee waliita madini na pesa kwa neno moja kwa kuwa reale ilipokelewa kwa uzito wake, na uzito ndio utakaotuamulia hata leo.

Tuanze na hesabu ya bei. Silva huuzwa duniani kwa wakia ya gramu 31.1, bei inabadilika kila siku, na sonara yeyote mwenye simu anaijua asubuhi kabla ya chai. Reale nzima ina gramu 28.07, na ndani yake gramu 23.39 ni fedha safi, iliyobaki ni shaba. Rupia moja ya Mjerumani, au ile ya India ya wakati wa Mwingereza kabla ya 1940, ina gramu 11.66, na fedha safi ndani yake ni gramu 10.69. Chukua bei ya gramu ya siku hiyo, zidisha. Tuseme kwa mfano tu gramu moja ni shilingi 3,000: reale ina fedha ya shilingi 70,170 na rupia ina ya shilingi 32,070. Sonara akikata hata robo kwa ajili ya kazi ya kuyeyusha na faida yake, mwenye reale bado anatoka dukani na zaidi ya 52,000. Sasa mtu anakuuzia stendi kwa 15,000. Amepita mbele ya masonara wote wa mjini akakutafuta wewe usiye na mizani. Atasema ana mgonjwa, ana haraka, mali ni ya marehemu babu yake. Mwenye mgonjwa ndiye anayehitaji bei kamili kuliko wote.

Ukishajua hivyo, tafuta mizani ndogo ya betri inayosoma hadi gramu 0.01, ile wanayotumia wauza dhahabu, na ije na jiwe lake la kusahihishia. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja itakuonyesha rupia nyepesi mno, lakini haitakusaidia kwenye kipimo cha maji nitakachoeleza. Ongeza uzi mwembamba wa cherehani, kikombe cha plastiki, na sumaku ndogo yenye nguvu, kama ya kwenye hadifoni zilizoharibika au diski ya kompyuta iliyokufa. Sumaku nyeusi ya spika ya redio ni dhaifu mno kwa kazi hii.

Pima uzito kwanza. Sarafu iliyotumika husagika, kwa hiyo rupia halisi iliyochakaa hadi manyoya ya tai aliye juu ya kofia ya Kaisari hayaonekani yaweza kushuka hadi gramu 11.3 au pungufu kidogo. Cha kuangalia ni kama uzito na uchakavu vinakwenda pamoja. Rupia yenye sura kali kama ya jana, halafu mizani inasema gramu 10, haikusagika, imezaliwa nyepesi. Rupia ya saizi ileile ikitengenezwa kwa shaba na nikeli hutoka na gramu 10 hivi, kwa kuwa metali hizo ni nyepesi kuliko silva. Mghushi akitaka kufikia gramu 11.66 lazima aifanye nene zaidi au pana zaidi, na hapo rula inamkamata: rupia ina kipenyo cha milimita 30 na nusu hivi, reale inakaribia 40. Uzito ukizidi ni mbaya vilevile. Hakuna kiwanda cha serikali kilichokuwa kikigawa fedha ya nyongeza. Isipokuwa reale iliyowahi kuvaliwa shingoni: hiyo hubaki na donge la lehemu pale kitanzi cha kuning'inizia kilipong'olewa, au imetobolewa tundu na kupungua. Donge au tundu utaliona kwa jicho.

Sasa maji, na hapa naomba msomaji asome polepole. Weka kikombe chenye maji nusu juu ya mizani, kisha bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Funga sarafu kwa uzi, ishushe majini hadi izame yote, huku umeshika uzi kwa mkono au umeufunga kwenye kijiti kilicholala juu ya vitabu viwili. Sarafu isiguse chini wala pembeni. Namba itakayotokea ndiyo ujazo wa sarafu, kwa sababu gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Reale halisi itaonyesha 2.75 majini, na 28.07 kugawa kwa 2.75 ni 10.2. Rupia halisi itaonyesha 1.13, na jibu ni 10.3. Reale ya shaba iliyochovywa, yaani iliyopakwa fedha juu tu, yenye uzito uleule, itaonyesha 3.13, na ya shaba njano 3.30 hivi, majibu yake ni chini ya 9. Pengo hilo ni kubwa, halihitaji macho ya fundi. Uzuri mwingine ni kwamba uchakavu hauharibu kipimo hiki wala tundu haliharibu, maana uzito na ujazo hupungua pamoja.

Kinachokiharibu ni mambo madogo. Povu la hewa likinata kwenye sarafu, ujazo huongezeka na fedha halisi inaonekana kama shaba. Tia tone la sabuni ya maji, tikisa uzi, pima tena. Sarafu ikigusa chini, namba inaruka karibu na uzito wake wote. Feni ikiwa inavuma, namba haitulii. Uzi mnene unaonyonya maji unaongeza visehemu ambavyo kwa rupia, yenye 1.13 tu, vinatosha kukudanganya. Rudia mara tatu. Majibu yakicheza kati ya 10.0 na 10.4 kwa reale, au 10.1 na 10.5 kwa rupia, ni kawaida ya mizani ndogo. Na pima moja moja. Ukizifunga tano pamoja, bandia moja inajificha ndani ya nne za kweli.

Hata hivyo, maji peke yake yanaweza kushindwa, na wanaowafundisha watu kipimo kimoja tu wanawaponza. Risasi ni nzito kuliko silva, 11.3, na bati ni jepesi, 7.3. Mtu akiyeyusha risasi sehemu nne na bati sehemu moja anapata metali ya 10.2, sawa kabisa na reale. Mizani itaipitisha, maji yataipitisha. Haitapita kwa sikio. Weka sarafu juu ya ncha ya kidole, igonge ukingoni kwa kalamu: fedha inalia kama kikengele, mlio mwembamba unaoendelea hadi ujiulize utaisha lini, risasi inatoa tu sauti ya kigae na kunyamaza. Risasi pia ni laini, ncha ya ufunguo inaichimba bila nguvu. Lakini sikio nalo lina udhaifu wake: sarafu ya kweli yenye ufa, au yenye donge la lehemu, hailii vizuri, na shaba iliyochovywa hulia vizuri tu.

Sumaku ina kazi mbili. Ikinata, mle ndani mna chuma au nikeli, mazungumzo yamekwisha. Isiponata hujajua kitu, kwa kuwa shaba, risasi, bati na zinki hazinati pia. Kazi ya pili ndiyo yenye faida: inamisha sarafu kama paa la nyumba, weka sumaku ndogo juu iteleze. Kwenye fedha inashuka kwa kujivuta, kama iliyopakwa asali, kwa sababu silva hupitisha umeme kuliko metali zote na sumaku inayotembea juu yake huzaa umeme unaoishika. Kwenye shaba njano, shaba iliyochanganywa na nikeli, au risasi inaporomoka upesi. Kwenye shaba nyekundu itajivuta karibu sawa na fedha, na hapo ndipo unarudi kwenye maji, maana shaba haiwezi kupita 9. Kipimo cha barafu kinachosifiwa sana kina tatizo hilohilo: barafu inayeyuka haraka juu ya fedha, na karibu haraka vilevile juu ya shaba iliyochovywa. Siwashauri kukitegemea.

Kwa hiyo fanya uzito, maji, mlio na sumaku, vyote vinne. Mghushi anaweza kushinda viwili, hata vitatu, kwa metali rahisi. Kuvishinda vyote vinne kunamgharimu kuliko faida anayoitafuta kwenye bei ya kutupa.

Jicho nalo lifanye kazi. Sarafu halisi ilipigwa chapa kwa mashine: herufi zimesimama wima kama ukuta, na uwanja ulio katikati ya herufi ni bapa na laini hata ukichakaa. Bandia nyingi za mitaani zimesubiwa, yaani metali imemiminwa kwenye kalibu. Uso wake una chembe kama ganda la chungwa, vitundu vidogo vya hewa, na herufi zilizovimba kama sabuni iliyotumika. Zungusha ukingo taratibu chini ya kioo cha kukuzia. Rupia ina vijimeno vilivyonyooka kuzunguka kote. Ukikuta mstari unaopita katikati ya ukingo kama mshono, au mahali vijimeno vimelainishwa kwa tupa, hapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Reale ina maandishi yaliyoinuka ukingoni, IUSTITIA ET CLEMENTIA, pamoja na mapambo katikati ya maneno. Ukingo mtupu, au wenye meno kama ya shilingi, si wa reale. Kwenye bega la yule mwanamke, malkia Maria Theresia wa Austria, kuna kishikizo cha vazi kilichozungukwa na lulu tisa, na chini ya sanamu kuna herufi S.F. Kwenye bandia lulu zinaungana na kuwa donge moja. Kuna dalili nyingine naipenda kuliko zote: zipange sarafu zote mezani, tafuta kovu au mkwaruzo kwenye moja, kisha utafute kovu hilohilo kwenye nyingine. Sarafu mbili za kweli haziwezi kuanguka na kupata jeraha moja mahali pamoja. Zikifanana makovu, zimetoka kalibu moja.

Someni na maandishi. Rupia ya Mjerumani imeandikwa kwa Kilatini GUILELMUS II IMPERATOR. Ikiwa imeandikwa WILHELM, aliyeitengeneza hakuwahi kuishika ya kweli. Zile za 1890 hadi 1902 zina nembo ya Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, simba na mnazi, na za kuanzia 1904 hadi 1914 zimeandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA. Rupia ya fedha ya 1916 haipo. Mwaka huo, vita vikiwa vimewabana, Wajerumani walitengeneza Tabora sarafu za hela za shaba na shaba njano, na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, gramu 7.17. Neno hela tunalolitamka kila siku limetoka hapo, kwenye sarafu yao ndogo ya Heller. Sarafu yoyote ya kale yenye namba 925 au 999 ni ya uongo, kwa kuwa reale na rupia hazikugongwa namba ya usafi kamwe.

Kuhusu mwaka 1780 ulioandikwa kwenye reale, watu wengi wanaghafilika. Reale ziliendelea kupigwa kwa mwaka huohuo muda mrefu baada ya malkia kufa, Vienna, na baadaye Roma, London, Bombay na kwingineko katika karne ya 20, na Vienna hawajaacha. Hizo si bandia. Ni fedha ileile na uzito uleule. Lakini anayekuuzia kwa bei ya ukongwe kwa sababu tu ya 1780 anakuuzia hewa. Mlipe fedha yake kwa gramu.

Kundi jingine ni sarafu halali kabisa zisizo na fedha unayodhani. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima nyuma, ya 1921 hadi 1946, ina robo tu ya silva: gramu 7.78 kwa jumla, fedha safi gramu 1.94. Zilizotoka kuanzia 1948, simba yuleyule, hazina fedha hata chembe. Kwa hizi maji hayasaidii sana, tofauti ni ndogo mno kwa mizani ya mfukoni. Soma mwaka tu. Rupia za India kuanzia 1940 zilishushwa hadi nusu, na zile zenye chui milia za 1947 ni nikeli, zinanata kwenye sumaku. Shilingi yetu ya Tanzania ya 1966 haina silva. Muuzaji mjanja huchanganya hizi na rupia nzuri mbili tatu, kisha anakupa zile nzuri upime.

Hilo la kuchagua ndilo linalowamaliza wengi. Chagua mwenyewe za kupima, na ukiweza pima zote. Ikishapita, isirudi kwenye kitambaa chake. Iweke upande wako wa meza hadi mmalizane. Kwenye simu, picha nzuri si ushahidi, inaweza kuwa imeokotwa intaneti. Omba picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani inayosomeka, pembeni karatasi yenye tarehe ya leo kwa mwandiko wake, na hata hapo usitume pesa. Pesa itoke baada ya maji.

Ukiambiwa rupia inavuta punje za mchele na kwa hiyo ni ya mamilioni, ondoka. Silva haivuti mchele. Punje kavu hurukia kitu kilichosuguliwa kwa kitambaa, hata kalamu ya plastiki itafanya hivyo, na mengine ni ujanja wa mikono.

Kwa ndugu wa Kilwa na wote wanaoishi jirani na magofu: sarafu zilizotengenezwa Kilwa na masultani wake zaidi ni za shaba. Anayekuletea fungu la "fedha ya Kilwa" inayong'aa amekuletea kitu cha juzi. Na kama ni ya kweli, tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimbua Kisiwani au Songo Mnara bila kibali ni kosa. Kitu kikifukuliwa na jembe la usiku, hata wataalamu hawawezi tena kujua kilikaa tabaka gani na pamoja na nini.

Kipimo cha mwisho ni tindikali ya naitriki, na hicho mwachie sonara. Anakata alama ndogo ukingoni kwa tupa ili apite chini ya uchovyo, anatia tone. Shaba na shaba njano zinachemka povu la kijani. Fedha inabaki na rangi ya kijivu cha maziwa, na akitia chembe ya chumvi kwenye tone hilo anapata utando mweupe kama mtindi uliokatika. Alama ya tupa haifutiki na inapunguza thamani kwa wanaokusanya sarafu, kwa hiyo isitangulie vile vipimo vinne. Msijaribu kwa maji ya betri. Hiyo ni tindikali nyingine. Haiigusi shaba wala fedha, kwa hiyo shaba iliyochovywa inapita, na wewe unabaki na kidonda.

Na aliyekwisha nunua na kugundua ameuziwa risasi, asiiyeyushe nyumbani kutafuta fedha iliyomo. Haimo. Aihifadhi pamoja na ujumbe wa malipo wa kwenye simu na namba ya aliyelipwa, apeleke polisi vyote pamoja, maana sarafu iliyoyeyushwa haithibitishi kitu. Bandia ikiwa ya shaba njano, moshi mweupe wa zinki iliyomo humpa mtu homa na kifua kumbana usiku huohuo. Risasi haimshtui mtu, inaingia polepole, na watoto ndio huumia kwanza. Sufuria iliyoyeyushiwa risasi isirudi jikoni, hata ikisuguliwa kwa mchanga mara kumi.

Sonara,
Mtwara Mjini